Ulevi wa Pikapu ya Silvanus

Mtu akishika usukani akaona gari linakwenda lisikotumwa, hulilaumu gari. Silvanus hakuwa na raha hiyo. Zamani, alipokuwa dereva wa misheni Tabora, aliwahi kulilaza lori mtaroni mchana kweupe kwa sababu ya gongo. Tangu hapo aliokoka na pombe akaiacha kabisa, lakini kila kitu kilichopinda mbele yake alianza kwa kushuku kwamba kimepindia ndani yake mwenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi moja ya Aprili, mwaka 1995, akirudi nyumbani mtaa wa Flemingdon Park, katika jiji la ughaibuni alikohamia, kutoka mtaa wa Jane na Finch. Alikuwa ameipelekea familia moja ya Warundi, wageni wa majuzi, kabati, meza na magodoro yaliyochangwa na waumini. Sasa alikuwa peke yake, gari tupu, jua limetoka, theluji imebaki vichuguu vyeusi kando ya barabara. Pikapu ikaanza. Ikaelea kushoto polepole kama muumini anayesinzia kanisani. Akairudisha. Ikapita pale alipotaka ikome, ikaenda kulia hadi karibu na ukingo wa njia ya watembeao kwa miguu. Akairudisha tena, ikazidi tena. Lau ingevuta upande mmoja angejua la kufanya: tairi limepungua upepo, au breki imeshika. Hii haikuwa na upande. Ilitangatanga tu kama mbuzi aliyekata kamba, na kadiri alivyoibana ndivyo ilivyozidi. Basi lililokuwa nyuma yake likampigia honi ndefu.

Ndani ya basi hilo, kiti cha mbele kabisa, alikaa Wamaitha, akitoka kwenye kazi yake ya kutunza wazee. Aliitambua pikapu ile ya buluu yenye mlango mmoja mweupe, maana aliyekuwa nayo alikuwa wa kanisa lake. Akaitazama mpaka ilipokata kona. Kwa haki yake lazima isemwe kwamba Wamaitha hakuongeza chumvi; alisimulia alichokiona, basi. Lakini alikisimulia jikoni mwa kanisa, wakati wa kumimina chai, na jambo likisemwa jikoni halihitaji chumvi. Linaiva lenyewe.

Kanisa hilo lilikuwa la Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo waliosali kwa Kiswahili katika ukumbi wa kuazima, alasiri, baada ya wenye ukumbi kwenda zao. Wengi wao walikulia katika uamsho, wakaja na mila yake ya kutembea nuruni: aliyeteleza husimama mbele ya ndugu, hutaja dhambi yake kwa jina, ndugu humwimbia, yakaisha. Ni mila njema, na imewaokoa wengi, Silvanus akiwa mmoja wao. Ina hatari moja tu. Ndugu wakishaamini kwamba umeteleza, hawatafuti tena ushahidi. Wanakaa wakingoja usimame.

Silvanus alikuwa wa mwisho kupata habari, kama kawaida ya msemwa. Aliingia nyumbani jioni moja kutoka kiwandani, na mkewe Épiphanie akampokea koti mlangoni. Akalisogeza puani. Kisha akamsogelea mwenyewe, karibu kuliko salamu inavyodai.

"Mama Aurore, unanusa nini?"

"Nanusa koti. Limechafuka."

"Koti haliko mdomoni mwangu."

Épiphanie akaketi. Alikuwa Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Ulyankulu, na wakati wa gongo alikuwa mke wake tayari. Alilijua lile lori la mtaroni. "Baba Aurore, wanasema umeonekana."

"Na nani?"

"Wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba ukiwa na ndugu garini unakwenda kama treni kwenye reli. Ukiachwa peke yako unakwenda kama nyoka."

Binti yao Aurore, aliyeelewa kila neno la Kiswahili na kujibu kila neno kwa Kiingereza, alisema bila kuinua uso kwenye daftari lake kwamba labda gari ndilo linalokunywa. Mama yake akamkemea. Silvanus hakucheka wala hakukemea. Kilichomchanganya si kwamba walimsingizia. Kilichomchanganya ni kwamba walisema kweli. Akiwa na ndugu wanne na sofa zao, pikapu ilinyooka. Akiwa peke yake ilirukwa na akili. Yeye mwenyewe angemshuku mtu wa namna hiyo.

Jumamosi iliyofuata akaenda kwa Ghulamabbas. Huyu alikuwa fundi kutoka Tanga, mtu wa jamii ya Mashia wenye kituo chao cha ibada Vaughan, barabara ya Bathurst, na gereji yake ilikuwa uchochoroni karibu na barabara ya Steeles. Walipatana tangu vuli, Silvanus alipompelekea pikapu aliyoinunua kuukuu. Jambo la kwanza walilolifanya wakati ule, bila hata kujadiliana, lilikuwa kuiongezea springi za nyuma. Kwetu Afrika Mashariki hakuna anayeitumia pikapu jinsi ilivyotoka kiwandani. Unaiongezea vyuma vya springi ndipo unaiita pikapu. "Bila springi za kuongeza," Ghulamabbas alisema, "hiki ni kigari cha kubebea maua." Akaziongeza, mkia wa gari ukainuka kama wa jogoo, na wote wawili wakarudi nyuma kuutazama kwa fahari.

"Karibu, Bwana Silvanus. Lina nini tena?"

"Linatangatanga."

"Tangu lini?"

"Tangu theluji ilipoyeyuka. Majira yote ya baridi lilikwenda vizuri."

"Basi ni haya mashimo. Theluji ikiyeyuka hapa unadhani uko njia ya Handeni."

Akalipandisha jeki, akatikisa magurudumu ya mbele, akaona ncha za tairodi, vile vyuma vinavyounga magurudumu na usukani, zimelegea kidogo. Akazibadilisha. Akajaza matairi upepo sawasawa, kisha akapima magurudumu ya mbele kwa kamba, kama alivyofundishwa na baba yake, mpaka yakatazama mbele yote mawili. Ndipo wakatoka kulijaribu. Nyuma zilikuwamo injini mbili kuukuu, ambazo Silvanus alikubali kuzipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu njiani akirudi, na hakuna aliyefikiria kuzishusha. Kwa Ghulamabbas, pikapu kutoka tupu ni israfu.

Wakapanda Bathurst hadi kupita kile kituo, wakageuza. Gari halikuyumba hata unywele. Ghulamabbas akaachia usukani, akainua mikono yote miwili. "Tazama! Linakwenda kama linarudi kwao." Kisha akacheka. "Gari zima hili, bwana. Kama kuna kinachoyumba, ni dereva."

Silvanus akageuza uso dirishani.

"Natania, ndugu yangu. Wallahi natania!"

"Najua," alisema Silvanus. Lakini hakujua.

Akazipeleka injini. Winchi ikazinyanyua, akatoka langoni na gari tupu, na kabla hajafika taa za kwanza, pikapu ikaelea kushoto. Akaegesha kando. Akapuliza pumzi kiganjani, akanusa. Ilikuwa chai, na iliki ya Ghulamabbas. Akapuliza tena, kana kwamba pua yake nayo ingeweza kumdanganya.

Akakaa pale akihesabu sababu, zikamwishia. Matairi sawa. Tairodi mpya. Fundi amekwisha sema gari ni zima. Akafikiri labda ni huku kuendesha upande wa kulia, na yeye alizeekea upande wa kushoto. Lakini mbona alikuwa ameendesha hapa tangu miaka ya themanini bila shida? Kilichobaki ni mtu. Je, mwili unaweza kulewa kwa kukumbuka tu? Swali kama hilo huonekana la kipuuzi kwa aliye salama. Yeye aliliuliza kwa dhati.

Mzee Cyriaque alikuja nyumbani katikati ya juma. Alikuwa Mkongo wa Uvira, mzee wa kanisa, mtu mnyoofu ambaye hakuna aliyewahi kumkuta akiiba dakika ya kazi wala kusema uongo. Watu kama hao ni nguzo. Kosa lao ni kudhani kwamba kwa kuwa wao wamenyooka, wanaona moja kwa moja. Akapokea chai, akaiweka chini.

"Ndugu Silvanus, mimi sikuhukumu. Lakini lisemwalo lipo."

"Lipo, mzee. Gari linayumba."

"Bon, vizuri. Fundi amesemaje?"

"Amesema gari ni zima."

"Alors, basi ni nini?"

"Sijui, mzee."

"Mtu asiyekunywa anajua kwamba hakunywa."

"Najua sikunywa."

"Sasa hivi umesema hujui."

Kila jibu alilokuwa nalo Silvanus liligeuka mkononi kama ule usukani.

"Jumapili usimame," Cyriaque alisema kwa upole. "Ukitaja, tunaimba, yanaisha. Hakuna atakayekunyooshea kidole. Ukificha, nitawakataza wageni wasipande gari lako, na wakiacha kupanda, kila mtu atajua kwa nini."

Hapo pana mtego ambao watu wengi wema wameuingia. Kukiri ambacho hukufanya kunaonekana kama unyenyekevu. Kunaleta amani nyumbani, wimbo kanisani, na mkono begani. Lakini ni uongo kama uongo mwingine, na mbaya zaidi, maana unasemwa madhabahuni. Silvanus aliupima uongo huo siku zilizobaki. Hata maneno yake aliyapanga. Alijua kwamba akiyasema, Épiphanie angelia kidogo kisha angelala usingizi mzuri.

Jumapili akasimama. Wamaitha akaweka tayari kitambaa cha machozi.

"Ndugu zangu," alisema, "nimekuja kuleta jambo nuruni. Sina pombe ya kutaja. Gari langu linayumba na sijui kwa nini. Nimetafuta kwenye gari sikuona, nimetafuta ndani yangu sikuona. Nilitaka kuwapa kitu, lakini sina."

Akaketi. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Kisha Cyriaque akatoka mbele, akasimama kando ya kiti cha Silvanus na kunyoosha mkono. "Kwa usalama wa watoto wa watu," alisema. Silvanus akatoa funguo za pikapu, akamwekea kiganjani mbele ya macho yote. Épiphanie alikuwa anatazama sakafu.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na familia ya kuhamishwa, kutoka orofa za Jane na Finch kwenda kwenye nyumba kubwa kidogo. Cyriaque ndiye angeendesha. Silvanus alipanda basi akaenda kusaidia kubeba, kwa sababu wageni hawakuwa wamemkosea. Alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara na baba wa familia ile, karibu na kituo cha basi, alipoiona pikapu yake ikija kwa mbali.

Ilikuja ikielea. Kushoto, kulia, kushoto. Kwa mara ya kwanza alijiona kama walivyomwona wengine, akatahayari. Mabibi wawili waliokuwa wakingoja basi wakatikisa vichwa, mmoja akavuta mtoto wake nyuma. Na wazo la kwanza lililomjia Silvanus, kabla ya lingine lolote, lilikuwa hili: Mzee Cyriaque amekunywa.

Pikapu ikasimama, tairi moja juu ya ukingo. Cyriaque akashuka, shati limelowa jasho mgongoni. "Ndugu, gari hili lina pepo," alisema.

Silvanus akamwendea kumpa mkono, na bila kukusudia pua yake ikatangulia. Cyriaque akarudi nyuma.

"Unaninusa?"

"Nisamehe, mzee."

"Mimi? Silvanus, unaninusa mimi?"

"Ilikuja yenyewe."

Baba wa familia, asiyejua lolote, akauliza kwa adabu kama waanze na friji.

Wakaanza na friji. Wakapakia vitanda, masanduku, magunia ya unga na mchele, mpaka pikapu ikashuka vizuri juu ya magurudumu yake. Cyriaque akashika usukani na Silvanus akakaa pembeni yake. Wakaingia barabarani, Cyriaque akiwa amekaza meno kama anayeingia kwa daktari wa meno. Gari likanyooka. Likanyooka barabara yote ya Finch, taa hadi taa, kama uzi.

"Umefanya nini?" Cyriaque aliuliza.

"Sijafanya kitu. Nimekaa tu."

"Wewe ukikaa humu linatulia."

"Mzee, mimi nikikaa humu peke yangu ndipo linapochachamaa."

"Basi ni mimi?"

"Na wewe ukiwa peke yako limechachamaa."

"Kwa hiyo linataka watu wawili?"

Jambo lilikuwa limemkaribia Silvanus, kama jina la mtu unayemfahamu linalogoma kutoka. Walipofika, wakaanza kushusha. Magunia yakatoka, vitanda vikatoka, mwisho yeye na baba wa familia wakaivuta friji. Uzito wake ulipouacha mkia wa gari, mkia ukainuka. Uliinuka kama ngamia anayesimama, nyuma kwanza, na pua ya gari ikainama barabarani. Silvanus akabaki ameishikilia friji upande mmoja.

"Mchanga!" alisema.

"Mchanga gani?" Cyriaque aliuliza.

"Ule wa majira ya baridi! Niliweka magunia ya mchanga nyuma, gari lisiteleze kwenye theluji, kama wanavyofanya wote hapa. Theluji ilipoyeyuka nikayashusha. Hakijaharibika kitu, mzee. Limekuwa tupu, na zile springi tulizoongeza zinaliinua mkia!"

"Ndugu, shusha friji kwanza."

Wakaenda moja kwa moja kwa Ghulamabbas, Cyriaque akiendesha, gari tupu, kila mmoja ameshika alichoweza kushika. Fundi aliposikia habari ya springi, alifura.

"Springi zangu? Springi zangu zimewakosea nini? Nimeongeza springi kila pikapu ya Tanga, hakuna aliyewahi kurudi kulalamika!"

"Tanga uliwahi kuona pikapu tupu?" Silvanus aliuliza.

Ghulamabbas akachuchumaa mbali kidogo, akalitazama gari kwa ubavu, mkia juu, pua chini. Kisha akainuka, akaishusha baiskeli ya mwanawe iliyotundikwa ukutani. "Tazameni uma huu wa mbele," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Umelala kidogo kumwelekea mpandaji. Ndiyo maana unaweza kuachia mikono, gurudumu likajirudisha lenyewe njiani. Ukiusimamisha wima, huachii. Gari ni hivyo hivyo. Nilipoinua nyuma, nikayasimamisha magurudumu ya mbele. Ukipakia mzigo, nyuma inashuka, yanalala yanavyotakiwa. Ukishusha..." Akatikisa kichwa. "Kule kwetu pikapu hairudi tupu, hata kuni itabeba. Na barabara ya kukimbia namna hii iko wapi? Mimi ndiye niliyelinywesha pombe gari lako, Bwana Silvanus."

Akavitoa vile vyuma kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna aliyekumbuka kuuliza kwa nini hawakulitazama jambo hili tangu mwanzo. Jibu liko wazi, ila halipendezi. Kilicholegea hukazwa, kilichochakaa hubadilishwa. Lakini kile mtu alichokiongeza mwenyewe kwa fahari, nani hukishuku?

Cyriaque akaliendesha tupu hadi barabara kuu ya 401 na kurudi. Halikuyumba. Akazima injini uani pa gereji, akachomoa funguo, akamnyooshea Silvanus.

"Chukua, ndugu. Yamekwisha."

Silvanus akaziangalia. Alizitaka sana. "Mzee, ulizichukulia wapi?"

"Kanisani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya ndugu wote."

"Basi nirudishie huko," alisema Silvanus, akaenda kutafuta basi.

Jumapili Cyriaque alisimama. Ni wachache wa umri na cheo chake ambao wangesimama. Wengi wangepitisha funguo ukumbini chini kwa chini, kwa tabasamu, wakauita huo upatanisho. Lakini mtu aliyevuliwa jina mbele za watu hawezi kuvikwa gizani. Cyriaque aliijua sheria aliyoihubiri. Shida ni kwamba alitaka kueleza kila kitu. Akaanza na springi, akaenda kwenye mchanga, akarudi kwenye friji, akafika kwenye uma wa baiskeli na kuinamisha mkono wake hivi na hivi, mpaka waumini wakawa wanatazamana.

Wamaitha akainua mkono. "Mzee, samahani. Kwa hiyo nani alikunywa?"

"Hakuna aliyekunywa, dada. Gari lilikuwa tupu."

"Gari lilikuwa tupu, na likayumba?"

"Ndiyo."

"Na lilipojaa likanyooka?"

"Ndiyo, dada."

Wamaitha akafikiri, akaonekana hajaelewa hata kidogo. "Mimi nilisema nilichoona," alisema kwa sauti ndogo.

"Na mimi nilisema ambacho sikukiona," Cyriaque alisema. "Dhambi yangu ni hiyo. Nilimtaka ndugu yangu akiri ili mimi nitulie." Akashuka kati ya viti, akasimama mahali pale pale, akamwekea Silvanus funguo kiganjani. Sauti moja nyuma ikaanzisha wimbo, na safari hii wote wakaupokea, hata ambao mpaka siku hiyo hawakujua springi inakaa wapi.

Walirudi nyumbani na pikapu, Aurore katikati, Épiphanie dirishani. Gari lilikuwa tupu na lilishika njia yake vizuri. Silvanus alikuwa amekamata usukani kwa mikono yote miwili mpaka vifundo vya vidole vikaonekana.

"Baba Aurore," Épiphanie alisema, "lilegeze kidogo. Linajua njia."

"Nitalilegeza."

Hakulilegeza. Kwenye taa nyekundu ya Don Mills aliinua kiganja taratibu kuelekea mdomoni ajinuse pumzi, kama alivyozoea majuma yale. Épiphanie akakidaka njiani, akakishusha mapajani mwake na kukishikilia hapo mpaka taa ikawa kijani.